Kumshauri Mwanamke Aliyewahi Kujifungua kwa Upasuaji: Mwongozo Kamili wa Kupanga Uzazi Unaofuata

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hubaki na makovu mawili. La kwanza liko kwenye ngozi ya tumbo, nalo huliona kila siku. La pili liko kwenye mfuko wa uzazi, nalo hajaliona na hataliona. Kovu la ngozi haliwezi kumwambia mtu yeyote lile la ndani lilikatwa vipi, kwa kuwa daktari anaweza kupasua ngozi kwa mkingamo na mfuko wa uzazi kwa wima. Karibu ushauri wote unaofuata hapa unategemea kovu hilo lisiloonekana, na mshauri anayemuuliza mama "Safari hii unataka kuzaa vipi?" kabla hajajua kovu ni la namna gani, ameuliza swali zuri kwa wakati usiofaa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkunga, muuguzi, tabibu na daktari wanaokaa na mwanamke huyo kliniki. Mwanamke mwenyewe akiusoma, utamsaidia kujua maswali ambayo ana haki ya kuyauliza na kujibiwa.

Kwanza inafaa kuondoa kauli moja kongwe. Mwaka 1916 daktari wa Marekani, Edwin Cragin, aliandika kwamba mwanamke akishapasuliwa mara moja atapasuliwa kila mara. Wakati ule mfuko wa uzazi ulikuwa ukipasuliwa kwa wima katika sehemu yake ya juu, penye misuli minene inayojikaza wakati wa uchungu, na kovu la hapo lilikuwa la hatari kweli. Tena Cragin alikuwa akiwaonya madaktari wenzake wasikimbilie upasuaji wa kwanza. Katika miaka ya 1920 Munro Kerr wa Glasgow alieneza mpasuo wa mkingamo katika sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ambayo ni nyembamba na haijikazi kwa nguvu kama ile ya juu. Mpasuo huo ndio wanaofanyiwa wanawake walio wengi leo. Kauli ya Cragin imebaki midomoni mwa watu, ilhali mpasuo aliokuwa akiuzungumzia umekuwa nadra.

Hatua ya kwanza: anza kabla mama hajatoka wodini

Wengi hudhani ushauri huu ni kazi ya mimba inayofuata. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi hufanyika au huharibika katika siku chache baada ya upasuaji wa kwanza, wakati taarifa zote bado ziko mezani na aliyeshika kisu bado anakumbuka alichokiona.

Kabla ya kumruhusu mama kwenda nyumbani, mwandikie kwenye karatasi atakayoitunza mwenyewe mambo haya: sababu ya upasuaji, hatua ambayo uchungu ulikuwa umefikia na njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi, mpasuo wa mfuko wa uzazi ulikuwa wa mkingamo au wa wima, kama ulichanika zaidi ya ulivyokusudiwa, na kama daktari anaona mama anaweza kuzaa kwa njia ya uke siku za usoni. Kisha msomee na umweleze. Mama aliyetoka kwenye dawa za usingizi na maumivu hasikii kila anachoambiwa, kwa hiyo yale yale yarudiwe anapokuja kuangaliwa baada ya wiki sita.

Karatasi hiyo ni ndogo, lakini miaka mitatu baadaye, katika hospitali nyingine, mbele ya mtoa huduma asiyemfahamu, ndiyo itakayomwezesha kuchagua. Asipokuwa nayo, wengi watamwamulia upasuaji kwa hofu tu.

Siku hizo hizo zungumzia nafasi kati ya mtoto na mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 24 ipite baada ya kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa mwenye kovu kuna sababu ya ziada: uwezekano wa mfuko wa uzazi kupasuka wakati wa uchungu huongezeka pale uzazi wa pili unapofuata ndani ya takribani miezi 18 tangu ule wa kwanza. Kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa wakati wa upasuaji wenyewe au ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, na vipandikizi vinaweza kuwekwa kabla mama hajaondoka. Lakini ridhaa yake iombwe wakati wa kliniki za ujauzito, akiwa ametulia, wala si akiwa amelala juu ya meza ya upasuaji.

Hatua ya pili: mimba mpya, sikiliza na tafuta kumbukumbu

Mama mwenye kovu ahimizwe kuja kliniki mapema, mara anapojua ana mimba. Kipimo cha altrasaundi cha mapema huonyesha kama mimba imejipandikiza ndani ya kovu lenyewe, hali ambayo ni nadra lakini huweza kuleta kutokwa damu kwingi, na hushughulikiwa vyema zaidi ikigunduliwa katika wiki za mwanzo.

Baada ya hapo, mpe nafasi asimulie. Mwambie: "Mama, nieleze ulivyojifungua mara iliyopita, tangu uchungu ulipoanza." Usimkatize. Katika simulizi lake utapata tarehe, saa alizokaa na uchungu, maneno aliyoambiwa, na pia utapata hofu yake, ambayo fomu haina kisanduku cha kuijaza.

Kisha tafuta kumbukumbu za upasuaji kutoka hospitali iliyofanya. Zisipopatikana, mazingira husaidia kukisia. Aliyepasuliwa mtoto akiwa njiti sana, au mtoto akiwa amelala kwa mkingamo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa alipasuliwa kwa wima kuliko aliyepasuliwa mimba ikiwa imetimia na mtoto ametanguliza kichwa. Kutojulikana kwa kovu peke yake hakumzuii mama kujaribu kuzaa kwa njia ya uke, isipokuwa mazingira yawe yanaashiria mpasuo wa sehemu ya juu.

Sababu ya upasuaji wa kwanza ina uzito mkubwa. Utafiti uliokusanywa nchini Uingereza kwa ajili ya miongozo ya madaktari wa uzazi unaonyesha kwamba kati ya wanawake 100 waliopasuliwa kwa sababu mtoto alikaa vibaya, kwa mfano kutanguliza matako, 84 walifanikiwa kuzaa kwa njia ya uke walipojaribu mara iliyofuata. Waliopasuliwa kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yalibadilika walifanikiwa 73 kati ya 100. Waliopasuliwa kwa sababu uchungu ulikwama walifanikiwa 64 kati ya 100.

Tafakari hiyo namba ya mwisho. Ni wanawake wangapi waliambiwa "njia yako ni ndogo" na wakaamini kwamba mifupa ya nyonga yao haitapitisha mtoto hata siku moja? Mara nyingi kilichokwama siku ile kilikuwa mtoto yule, kwa namna kichwa chake kilivyogeuka, katika uchungu ule. Zaidi ya nusu ya wanawake hao huzaa kwa njia ya uke wakipewa nafasi. Mshauri anapolisikia neno hilo la "njia ndogo", ana wajibu wa kuuliza lilitokana na nini, na kulisahihisha kwa upole pale linapostahili kusahihishwa.

Mwisho, uliza kama amewahi kuzaa kwa njia ya uke, kabla au baada ya upasuaji. Hakuna jambo jingine linaloashiria mafanikio kuliko hilo. Mwanamke wa namna hiyo hufanikiwa mara 85 hadi 90 kati ya 100.

Hatua ya tatu: watenge wale ambao uchungu ni hatari kwao

Hapa uamuzi ni wa kitabibu na usifichwe nyuma ya maneno ya kuchagua. Mwanamke aliyepasuliwa kwa wima katika sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi anakabiliwa na uwezekano wa asilimia 2 hadi 9 wa mfuko huo kupasuka. Aliyewahi kupasuka mfuko wa uzazi yuko katika hatari kubwa ya kupasuka tena, ya asilimia 5 au zaidi. Kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi ni sababu ya upasuaji kwa mwanamke yeyote. Hao wote waelezwe waziwazi kwamba upasuaji uliopangwa ndio salama kwao na kwa watoto wao, waelezwe kwa nini, na waelezwe pia kwamba wakisikia uchungu kabla ya siku iliyopangwa wasisubiri hata kidogo. Aliyewahi kutolewa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi kwa upasuaji naye aonwe na daktari bingwa, kwa sababu kuna kovu hapo pia.

Aliyepasuliwa mara mbili kwa mkingamo hayumo katika kundi hilo moja kwa moja. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha mafanikio ya takribani asilimia 71 na kupasuka kwa mfuko wa uzazi kwa takribani asilimia 1.4. Anaweza kujaribu, lakini baada ya kuzungumza na daktari bingwa, na katika hospitali iliyojiandaa kikamilifu.

Hatua ya nne: uliza anataka watoto wangapi

Swali hili husahaulika kuliko yote, ingawa ningelipa nafasi ya mbele. Anayekaa mbele yako anafikiria mtoto huyu aliye tumboni. Wewe unapaswa kufikiria pamoja naye mtoto huyu, anayefuata, na yule baada ya huyo, kwa sababu madhara ya upasuaji hujilimbikiza. Kila upasuaji huongeza kushikamana kwa viungo ndani ya tumbo, na kushikamana huko hurefusha upasuaji unaofuata na kukiweka kibofu cha mkojo katika hatari ya kuumizwa.

Linalotisha zaidi ni kondo la nyuma. Katika mimba inayofuata, kondo linaweza kujishikiza juu ya kovu na kuingiza mizizi ndani ya misuli ya mfuko wa uzazi, hivi kwamba halibanduki mtoto anapozaliwa. Mama hutokwa na damu nyingi sana, na mara nyingi njia ya kumwokoa ni kuuondoa mfuko wa uzazi wenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 30,000 waliopasuliwa bila kuwa na uchungu, ulionyesha namna hatari hiyo inavyopanda. Kwa wanawake ambao kondo lilikuwa limetangulia njiani, kung'ang'ania kwa kondo kulionekana kwa asilimia 3 ya waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wao wa kwanza, asilimia 11 ya waliofanyiwa wa pili, asilimia 40 ya waliofanyiwa wa tatu na asilimia 61 ya waliofanyiwa wa nne.

Ukizisoma namba hizo kwa mama anayesema, "Daktari, huyu ndiye wa mwisho, baada ya hapa nafunga kizazi," hazibadilishi mengi, na upasuaji uliopangwa unaweza kuwa chaguo la busara kabisa. Ukizisoma kwa binti wa miaka 22 mwenye mtoto mmoja, anayetamani watano, mizani inageuka. Uzazi mmoja kwa njia ya uke sasa unaweza kumwepusha na mpasuo wa tatu na wa nne huko mbele.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila mama mwenye kovu anahitaji altrasaundi ya katikati ya ujauzito inayoonyesha kondo liko wapi. Likiwa chini na mbele, juu ya kovu, arudiwe kupimwa takribani wiki ya 32 na apelekwe mapema kwa wenye ujuzi wa tatizo hilo na damu ya kutosha.

Hatua ya tano: toa namba kwa pande zote mbili, kwa kipimo kimoja

Watu wengi huelewa vizuri zaidi wakiambiwa "wanawake 5 kati ya 1,000" kuliko "asilimia 0.5". Chora nukta 1,000 kwenye karatasi na uzungushie tano, kisha mpe mama aitazame. Usitaje hatari ya njia moja na kuinyamazia ya pili, na usibadilishe kipimo katikati, ukasema "wachache" upande huu na "mmoja kati ya kumi" upande ule. Anayefanya hivyo amekwisha kumchagulia.

Kwa mwanamke mwenye kovu moja la mkingamo, uchungu ukianza wenyewe na mtoto akiwa mmoja aliyetanguliza kichwa, mambo yako hivi. Kati ya wanaojaribu kuzaa kwa njia ya uke, 72 hadi 75 katika kila 100 hufanikiwa. Wanaobaki huishia kwenye upasuaji wa dharura, na hao ndio hupata matatizo mengi kuliko makundi mengine, kama vile maambukizi na kuongezewa damu. Mama aambiwe hili bila kuzungushwa: anayefanikiwa kuzaa kwa njia ya uke hupata matatizo machache kuliko wote, na anayejaribu ikashindikana hupata mengi kuliko wote. Upasuaji uliopangwa uko katikati.

Mfuko wa uzazi hupasuka kwa takribani wanawake 5 kati ya 1,000 wanaoingia kwenye uchungu. Kwa upasuaji uliopangwa hutokea kwa chini ya 2 kati ya 10,000. Unapopasuka, mtoto lazima atolewe ndani ya dakika chache, na hata hapo anaweza kufa au kuumia ubongo kwa kukosa hewa. Kwa jumla, uwezekano wa mtoto kufa mama mwenye kovu anapojaribu kuzaa kwa njia ya uke ni takribani 4 kati ya 10,000, ambao unakaribiana na ule wa mwanamke anayezaa mtoto wake wa kwanza. Mama wengi hutulia wakielezwa ulinganisho huo, nao ni wa haki.

Kwa upande wa pili, watoto wanaozaliwa kwa upasuaji uliopangwa hupata shida ya kupumua ya siku za mwanzo kwa wingi zaidi: 4 hadi 5 kati ya 100, dhidi ya 2 hadi 3 kati ya 100 kwa wanaozaliwa kwa njia ya uke. Ndiyo sababu upasuaji huo, kama hakuna tatizo jingine, hupangwa kuanzia wiki ya 39. Mama anayezaa kwa njia ya uke hupona upesi zaidi na hukaa hospitalini muda mfupi, lakini wanawake takribani 5 kati ya 100 huchanika hadi kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, na hilo nalo asifichwe.

Mambo kadhaa hupunguza uwezekano wa kufanikiwa: unene wa mwili, mtoto wa zaidi ya kilo 4, kutowahi kuzaa kwa njia ya uke, upasuaji wa kwanza uliotokana na uchungu kukwama, na uchungu wa kuanzishwa kwa dawa. Yakikutana yote kwa mtu mmoja, hata ukiacha huo uzito wa mtoto, mafanikio hushuka hadi karibu 40 kati ya 100. Namba hii si hukumu. Ni taarifa ambayo yeye ataipima kwa mizani yake. Vikokotoo vya mitandaoni vinavyokadiria mafanikio vinaweza kusaidia, ila vitumiwe kwa uangalifu. Kimoja maarufu cha Marekani, kilichotolewa mwaka 2007, kiliwapunguzia uwezekano wanawake weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini kwa sababu tu ya asili yao, na kigezo hicho kiliondolewa mwaka 2021.

Hatua ya sita: pima hospitali kabla hujampima mama

Namba zote za hatua iliyopita zinatoka kwenye hospitali zenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Mtoa huduma anayezisoma mahali ambapo mtaalamu wa usingizi huitwa kutoka nyumbani kwake, au damu inafuatwa mji mwingine, anatoa ahadi ambayo jengo lake haliwezi kuitimiza. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu udanganyifu wa aina hii hufanywa na watu wenye nia njema.

Jiulize na ujibu kwa ukweli: saa nane usiku, tukihitaji kumpasua mama huyu, itachukua dakika ngapi mpaka mtoto atoke? Damu ya kundi lake ipo? Kuna mkunga atakayekaa naye peke yake, bila kugawanywa kwa wanawake watano? Mapigo ya moyo wa mtoto yatafuatiliwa mfululizo? Majibu yasiporidhisha, mpe rufaa mapema, na umsaidie kupanga namna ya kuishi karibu na hospitali kubwa katika wiki za mwisho. Kuzaa kwa njia ya uke ukiwa na kovu, nyumbani au kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, si chaguo la kumpa mama yeyote.

Hatua ya saba: msikilize anavyochagua

Sasa ndipo mahali pa lile swali la mwanzo. Muulize anachotaka, kisha nyamaza.

Maneno ya lugha yetu yanahitaji uangalifu hapa. Tumezoea kuuita uzazi wa uke "njia ya kawaida", na bila kukusudia tunamfanya aliyepasuliwa ajione si wa kawaida. Tunasema "alishindwa kuzaa", ilhali mwanamke huyo amezaa, na mtoto wake yuko mgongoni. Mshauri aseme "ulijifungua kwa upasuaji" na "kujifungua kwa njia ya uke". Tofauti inaonekana ndogo kwa anayesema, lakini anayesikia anaihisi.

Zungumza naye peke yake walau kwa sehemu ya muda. Mume, mama mzazi au mama mkwe akiwepo, anaweza kuwa msaada mkubwa, na anaweza pia kuwa ndiye anayejibu maswali yote. Baada ya kumsikiliza faragha, wakaribishe wahusika ambao yeye mwenyewe anapenda wawepo na urudie maelezo mbele yao, ili akifika nyumbani asiachiwe kazi ya kutetea uamuzi wake peke yake.

Mwingine atasema, "Sista, sitaki tena uchungu ule, nipangie tu operesheni." Usianze kumbishia. Uliza kilichomuumiza. Huenda aliachwa peke yake saa nyingi, au alikemewa, au hakupewa dawa ya maumivu. Kama ndivyo, basi anachokikataa ni huduma ile, na inawezekana kumpangia huduma tofauti, ikiwemo ganzi ya mgongoni ambayo inaruhusiwa kwa mwenye kovu. Kama baada ya hayo bado anataka upasuaji, aheshimiwe. Vivyo hivyo anayetamani kuzaa kwa njia ya uke, na ambaye hana kizuizi cha kitabibu, asitishwe kwa hadithi za mama aliyekufa mwaka fulani.

Uamuzi hauhitaji kutolewa siku hiyo. Mpe maelezo yaliyoandikwa, na mrudie kwenye hudhurio linalofuata.

Hatua ya nane: andika mpango, na mpango wa akiba

Kufikia wiki ya 36 uamuzi uwe umeandikwa kwenye kadi yake, pamoja na majibu ya maswali ambayo maisha huyaleta bila kubisha hodi.

Kama amechagua upasuaji na uchungu ukaanza kabla ya siku, itakuwaje? Hili humpata takribani mmoja kati ya kumi wanaosubiri wiki ya 39. Wapo watakaosema wapasuliwe mara moja, na wapo watakaosema, "Nikifika na njia imeshafunguka sana, niacheni nizae." Mwandikie jibu lake.

Kama amechagua njia ya uke na wiki ya 41 ikafika bila uchungu, itakuwaje? Kuanzisha au kuongeza uchungu kwa dawa huzidisha uwezekano wa mfuko wa uzazi kupasuka mara mbili hadi tatu, na huongeza uwezekano wa upasuaji mara moja na nusu hivi, ukilinganisha na uchungu uliokuja wenyewe. Anaweza kukubali kuanzishiwa, anaweza kuchagua upasuaji, lakini ajue hayo kwanza. Akikubali, njia ya mpira wenye puto unaofungua mlango wa kizazi ina hatari ndogo kuliko vidonge vya kulainisha mlango huo, na dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, iamuliwe na daktari mwenye uzoefu. Dawa ya misoprostoli, mojawapo ya vidonge hivyo, isitumike kamwe kuanzisha uchungu kwa mwanamke mwenye kovu ambaye mimba yake imekomaa. Andika katazo hilo kwa herufi kubwa mbele ya kadi, kwa sababu atakayekuwa zamu usiku huo huenda asiwe wewe. Mwonye mama pia asinywe dawa yoyote ya kienyeji ya kuharakisha uchungu.

Hatua ya tisa: mfundishe siku ya uchungu

Aje hospitalini uchungu unapoanza tu, maji yakipasuka, au akiona damu. Asingoje nyumbani mpaka uchungu ukolee kama wafanyavyo wasio na kovu. Akifika, jambo lake la kwanza kusema liwe: "Nina kovu la upasuaji."

Mweleze yeye na atakayemsindikiza dalili ambazo hazisubiri: maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, maumivu makali ya ghafla kwenye kovu au kwenye bega, uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla, kutokwa damu ukeni, damu kwenye mkojo, kizunguzungu. Kwa watoa huduma, dalili inayotangulia mara nyingi zaidi ni kubadilika kwa mapigo ya moyo wa mtoto; nyingine ni kichwa kilichokuwa kimeshuka kurudi juu. Usisubiri mpaka maumivu ya kovu yatokee, kwa kuwa wengi hawayapati. Mama aliyewekewa ganzi ambaye ghafla anaomba dawa zaidi na zaidi achunguzwe kabla ya kuongezewa.

Hatua ya kumi: baada ya kujifungua, rudi kwenye ile karatasi

Njia yoyote aliyojifungua, kaa naye tena kabla hajaondoka. Aliyezaa kwa njia ya uke aandikiwe hivyo, kwa sababu uzazi huo umempandisha katika kundi la wanaofanikiwa mara 85 hadi 90 kati ya 100, na mara inayofuata mtu asije akamwita "mwenye kovu" tu. Aliyejaribu ikaishia kwenye upasuaji aelezwe kilichotokea, hatua kwa hatua, na aambiwe kwamba uamuzi wake haukuwa kosa. Aliyefikisha upasuaji wa pili au wa tatu afafanuliwe upya juu ya kondo la nyuma, aulizwe tena anataka watoto wangapi, na achague njia ya uzazi wa mpango akiwa na jibu hilo mkononi. Kisha andika tarehe, sababu, na namna mfuko wa uzazi ulivyopasuliwa, weka sahihi, na umkabidhi karatasi yeye mwenyewe.